Laptopu niliyoambiwa nitaiongezea RAM baadaye

Nimekaa na hasira hii kwa muda mrefu, na ninaiandika leo kwa sababu mdogo wangu anajiandaa kuanza shahada ya uhandisi, na laptopu anayoitamani ni ya aina ileile iliyonitesa mimi.

Niseme haki kwanza. Kibodi yake ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitumia, kioo hakichoshi macho, na ni nyepesi hata unaisahau mkobani. Lakini mimi nilikuwa ninakwenda kusoma sayansi ya kompyuta, na hilo nilimweleza muuzaji waziwazi kabla sijalipa. Nilimuuliza kama GB 8 za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hushikilia humo kazi zilizo wazi, zingenifikisha mwisho wa masomo. Akanijibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Chukua tu, ukiona haitoshi utaongeza baadaye." Nikamwamini, nikachukua.

Mwaka wa kwanza ulipita salama, kwa kuwa programu fupi za Python na C haziielemei mashine yoyote. Tabu ilianza tulipopewa kazi za kufungua Android Studio, programu ya kutengenezea app za simu, pamoja na emuleta yake, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, huku mashine pepe ya Linux, kompyuta nyingine ya kuigiza, ikiendelea kufanya kazi pembeni. RAM inapojaa, mfumo huanza kuhamishia data kwenye SSD, yaani diski ya kuhifadhia mafaili, na kuirudisha kila inapohitajika, na SSD, hata iwe ya kasi namna gani, haiikaribii RAM. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mradi, mshale uliganda katikati ya kioo, feni ikavuma, na herufi nilizobonyeza zikawa zinatokea mojamoja, muda mrefu baada ya vidole kuondoka. Niliizima kwa nguvu mara tatu usiku ule, na kila mara nikapoteza sehemu ya kazi.

Nikaipeleka kwa fundi ili aniongezee RAM, kama nilivyoahidiwa. Alifungua mfuniko wa chini, akatazama kidogo, kisha akanionyesha kwa ncha ya bisibisi vipande vinne vyeusi, vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, vilivyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Hapakuwa na sloti hata moja, yaani nafasi ya kuchomekea RAM nyingine. Akaufunga, na hakunitoza chochote, nadhani alinihurumia.

Nilirudi kwa muuzaji nikiwa bado na adabu zangu. Mbele ya wateja wengine akaniambia: "Maelezo yote yako kwenye boksi. Mwanafunzi wa kompyuta hujui kusoma?" Neno hilo limenikaa moyoni kuliko hasara yenyewe. Nilipofika nyumbani nililitoa boksi uvunguni nikalisoma pande zote sita. Limeandikwa ukubwa wa RAM, basi. Hakuna mahali panaposema kwamba haiongezeki.

Sisemi kwamba kulehemu RAM ni kosa. Laptopu nyingi nyembamba zimeundwa hivyo, kwa sababu RAM ya namna hiyo huchukua nafasi ndogo na hula umeme kidogo. Hata MacBook zenye prosesa za M1, zilizotoka mwaka 2020, zina RAM iliyounganishwa ndani ya kifurushi kimoja na prosesa. Ningeambiwa ukweli, ningenunua yenye GB 16 tangu mwanzo, na pengine leo ningekuwa ninaisifu mashine hii. Huenda basi lawama ni ya muuzaji peke yake.

Hapana, nimefikiri tena. Kampuni inayojua kwamba kitu hakibadiliki maisha yote ya mashine, kisha ikanyamaza kwenye boksi lake, nayo ina lawama. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuipa nyota 3 kwa heshima ya ile kibodi. Ninaipa 1.

Mdogo wangu nimemkataza. Atatumia SolidWorks, programu ya kuchorea vifaa vya uhandisi, ambayo hutaka Windows na RAM ya kutosha, na modeli zenye vipande vingi zingeizamisha mashine hii upesi kuliko kazi zangu. Nimemtafutia laptopu nene, nzito, isiyo na urembo wowote, na kabla ya malipo nilimwomba muuzaji mwingine aifungue mbele yetu. Ina sloti mbili, na moja iko wazi. Nilizigusa kwa kidole changu mwenyewe.