Shahada ya Utayarishaji wa Sauti: Ada Inalipia Nini Hasa?

Kinachostahili ada katika shahada hii ni saa za studio, kuliko mihadhara. Kabla ya kujisajili, uliza kila mwanafunzi hupata saa ngapi kwa wiki, na kama chumba cha kusikilizia kimedhibitiwa mwangwi. Kisipodhibitiwa, besi hudanganya na miksi (mchanganyo wa mwisho wa sauti zote) huharibika kwenye spika nyingine.

Somo lenye thamani kubwa ni la maikrofoni mbili kwa chombo kimoja: umbali ukitofautiana, mawimbi hupingana na sauti hukonda. Utangazaji wa Ulaya hutumia kiwango cha -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Kozi isiyokifundisha haimwandai mtu kwa televisheni.

Kazi zipo pia kwenye filamu, michezo ya kompyuta na matamasha. Kasoro kubwa: mikataba na ankara hufundishwa kidogo mno, ilhali wengi hujiajiri.