Agile ya Octopus: umeme unaopanda na kushuka na upepo

Wadau mlioko Uingereza mnaoniuliza kuhusu hii Agile, mpango wa bei za umeme wa kampuni ya Octopus, haya ndo maoni yangu, nyota nne kwa tano. Bei haitulii sehemu moja, inabadilika kila nusu saa, yaani siku moja ina bei 48, za kesho zinatoka leo jioni kuanzia kama saa kumi, maana zinafuata soko la jumla la umeme. Lazima uwe na smati mita, ile inayotuma matumizi yako yenyewe, bila hiyo hujiungi.

Utamu wake ni siku za upepo. Ukivuma vizuri Scotland na huko baharini usiku watu wamelala, umeme unakuwa mwingi kuliko wanunuzi, bei inaanguka hadi sifuri na saa zingine chini ya sifuri, unawasha mashine ya kufulia na bili inapungua, nakwambia ukweli! Siku hizo kwangu mashuka yote yanafuliwa, maharage yanachemka saa nane mchana, na mwenye gari la umeme huyo ndo anakula bata kabisa.

Shughuli ipo saa kumi mpaka saa moja jioni, kila mtu jikoni, bei inapaa, na kama ni baridi halafu upepo umekata basi mitambo ya gesi ndo inapanga bei. Mwisho wake ni peni 100 kwa yuniti, hiyo ni hela ndefu kwa ugali tu. Kama una watoto wanatoka shule wanataka chipsi moto saa hiyo hiyo, baki na bei moja.

Mi ugomvi wangu ni na soko lenyewe. Nyaya za kutoka Scotland kuja kusini hazitoshi, upepo ukizidi wenye mitambo ya upepo wanalipwa wazime, huku kusini gesi inalipwa iwashwe, na zote mbili zinaingia kwenye bili zetu. Kulikuwa na wazo la kila kanda kuwa na bei yake, serikali ikalitupa Julai 2025, sijui waliogopa nini.

Ila bado afadhali, kwetu Kenya kuna mitambo 365 ya upepo pale Turkana, megawati 310, na tokeni ya nyumbani bei ni ile ile saa mbili usiku na saa tisa usiku.

Kujiunga anzeni mwezi wa nne hivi, msianze Desemba kwenye baridi. Ikikushinda unahama, hakuna faini ya kutoka.