TAHADHARI: Cheni za chensoo "mpya" za nusu bei hapa Tanga ni kuukuu zilizopakwa rangi

Wapasua mbao na wakata minazi wa Tanga mjini, Pangani, Muheza na Korogwe, angalieni mnachouziwa. Kuna cheni zinatembezwa kwenye ndoo na maboksi yasiyo na jina, na muuzaji anaapa kwamba mzigo umeshuka jana. Ni cheni zilizokwisha kazi. Zimelowekwa kwenye dizeli mpaka utomvu ukaachia, zikapitishwa kwenye jiwe la grinda, kisha zikapulizwa rangi ya fedha au kuchovywa kwenye oili chafu. Risiti hakuna, na kesho ukimtafuta hayupo. Kwa jamaa hawa, "waja leo waondoka leo" si sifa ya mji tena, ndiyo biashara yenyewe.

Kinachowaponza wengi ni jaribio. Muuzaji anafunga cheni kwenye mashine yake, analaza kipande cha msonobari, na cheni inazama kama kisu kwenye papai. Mteja anaona ukali. Kumbe kile kidole kilicho mbele ya kila jino, kinachoamua jino liume kwa kina gani, kimesagwa mpaka kinakaribia kuisha. Kwa cheni nyingi za saizi ya .325 na 3/8, kidole kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Kikishushwa mpaka milimita moja na zaidi, jino linang'ata kipande kikubwa kuliko injini inavyoweza kukivuta. Kwenye msonobari utafurahi. Ukihamia kwenye mtiki, au kwenye ganda la nje la mnazi uliozeeka, mashine inatetemeka, klachi inanuka, na pua ya baa, yaani ule upanga wa chuma unaobeba cheni, ikigusa tawi tu inaruka juu kuelekea usoni mwako. Kidole kilichosagwa hakirudi. Jaribio la muuzaji lisikuvute hata kidogo.

Kabla ya kutoa pesa, futa oili kwa kitambaa na uikague cheni juani. Jino jipya ni refu, na meno yote yanalingana, ya kulia kwa ya kushoto. Cheni nyingi zina mstari mwembamba kwenye jino, nyuma, unaoonyesha mwisho wa kunoa. Jino lililobaki na milimita 4 ni la kutupa, hata ling'ae namna gani. Ukiona buluu au zambarau kwenye ncha, chuma kimeungua. Kisha ishike cheni kwa ubavu, kama unavyoshika fimbo, uache upande wa pili uning'inie: mpya inainama kidogo tu, kuukuu inalegea kama kamba kwa sababu matundu ya ribiti, zile pini zinazoshikanisha vipande, yameshalika.

Hizo ribiti nazo zipitie moja moja kwa kidole gumba. Vichwa vyote vinatakiwa vifanane. Ukikuta viwili vimebondeka au vina kingo kali, hapo pameungwa kwa nyundo. Kuunga si kosa, kukifanywa kwa kifaa chake na vipande vipya. Cheni ikizunguka inakwenda kasi ya mita 20 kwa sekunde au zaidi, na ikikatikia pale palipogongwa, kipande kinaweza kuruka kama risasi. Kwa hiyo mashine ambayo kile kikamata cheni chini ya baa kimevunjika isiwashwe kabisa.

Ujanja mwingine ni saizi. "Chukua tu, itazoea." Haizoei. Pima kutoka ribiti ya kwanza mpaka ya tatu, katikati kwa katikati: milimita 16.5 ni .325, milimita 18.6 ni 3/8, na 20.5 ni .404. Unene wa vipande vya chini, vile vinavyoingia ndani ya baa, nao lazima ulingane na mfereji wa baa. Cheni ya milimita 1.5 kwenye mfereji wa milimita 1.6 inalala upande na ubao unatoka umepinda, halafu lawama anabebeshwa mkataji. Vipande hivyo vya chini vihesabu. Baa ya inchi 20 yenye cheni ya 3/8 mara nyingi huchukua 72, ila msahafu ni maandishi yaliyo kwenye baa yako.

Wapo pia wanaonoa kwa grinda ya mkono, dakika tatu cheni nzima. Cheche zinapendeza, lakini jino linapata moto mpaka linabadilika rangi. Baadaye ncha inalainika na kupoteza makali kwenye gogo la kwanza, au inakuwa ngumu mpaka tupa inateleza juu yake. Cheni nzuri ya dukani inaharibika hivyo hivyo. Tupa ya mviringo inatosha: milimita 4.8 kwa .325, 5.2 kwa 3/8, 5.5 kwa .404. Zima injini, iache ipoe, vaa glavu, bana baa kwenye jiliwa, piga breki ya cheni. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa nyuzi 30 au zilizoandikwa kwenye boksi, moja ya tano ya tupa ikiwa juu ya jino. Usikwaruze wakati wa kurudisha. Anza na jino fupi kuliko yote, mengine yafuate urefu wake, idadi ya misukumo iwe sawa kila jino. Vidole vya cheni vipimwe kwa kipimo chake kila baada ya kunoa mara tatu au nne, na vipunguzwe kwa tupa bapa.

Oili chafu inayouzwa kwenye chupa za maji kama "oili ya cheni" iacheni pia. Ina vumbi la chuma, inaziba pampu na kuilisha baa mchanga.

Aliyekwisha kununua cheni kuukuu kama hiyo asiiuze kwa mwenzake. Aikate vipande viwili kwa patasi ndipo aitie kwenye chuma chakavu, maana ikitupwa nzima itaokotwa, itapakwa rangi, na wiki ijayo iko kwenye ndoo.