30 ya Adele: isikilize kwa mpangilio wake

Albamu hii ya mwimbaji Mwingereza Adele, iitwayo 30, ninayo tangu ilipotoka, tarehe 19 Novemba 2021, na kila nikimtajia mpenzi wa muziki, jibu huwa lilelile: "Ile ya polepole?" Ndiyo, ni ya polepole. Nyimbo 12, karibu dakika 58, na kadhaa kati ya hizo zinapita dakika 6. Aliyezoea ngoma za dakika mbili na nusu atachoka kabla hajafika katikati, wala simlaumu. Ila wengi niliowasikia wakilalamika walidonoa wimbo huu na ule, na 30 si albamu ya kudonoa.

Kisa chake kinajulikana. Adele na mumewe, Simon Konecki, walitangaza kutengana mwaka 2019, wakiwa na mtoto mmoja wa kiume, Angelo. Kwenye mahojiano alieleza kwamba alitaka mwanawe akiwa mtu mzima aisikilize, aelewe kwa nini mama yake aliivunja ndoa kwa hiari yake. Kwa hiyo usimtafute hapa yule Adele wa albamu yake ya zamani, 21, aliyeachwa akabaki anauguza moyo. Safari hii aliyefunga virago ni yeye. Anaomba ahurumiwe, anajilaumu, anakunywa, anapenda tena, anapandisha hasira, kisha anatulia. Ukizipangua nyimbo, hujui tena analia kwa nini wala anamkasirikia nani. Adele mwenyewe aliomba nyimbo za albamu zisichanganywe, na wiki ileile ilipotoka, Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, walimsikiliza: kwenye kurasa za albamu, kitufe cha kuchanganya nyimbo kikaacha kuwa ndicho cha kwanza kwa wateja wanaolipia. Wasanii wengi wamefaidika na ombi lile hata kama hawajui.

Wimbo ulionishika ni wa tatu, "My Little Love". Bezi inatembea taratibu, vinanda vinapita kwa mbali, na katikati ya beti zinaingia sauti alizorekodi akizungumza na Angelo. Mtoto anauliza, mama anamwambia amechanganyikiwa, hajui anachokifanya. Mwishoni uimbaji unakoma, unabaki ujumbe wa sauti: analia, pumzi zinamkatika, anasema anajisikia mpweke. Rafiki yangu mmoja hawezi kuusikiliza, anasema ya mtoto yangebaki ndani ya nyumba. Hoja yake ina uzito. Mimi naona bila wimbo huo "Easy on Me", unaoutangulia, unabaki kuwa wimbo mzuri wa redio tu, kwa sababu ukiusikia peke yake hujui anayeombwa msamaha ni nani hasa.

"Cry Your Heart Out" una midundo ya kuchezeka na maneno ya mtu asiyetaka kutoka kitandani. Mchanganyiko huo naupenda sana. "All Night Parking" ni mfupi, umejengwa juu ya piano ya Erroll Garner, mpiga jazz wa zamani, na ndipo pekee anaposikika kama mtu aliyependa jana. Kwenye "Woman Like Me" hana huruma kabisa na mwanaume mvivu; anamsema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo inayoumiza.

Kasoro iko namba 6. "Can I Get It", aliyoifanya na watayarishaji Max Martin na Shellback, ina mluzi wa kunata na kila dalili ya kutengenezwa kwa ajili ya chati. Inaingia pale unapoanza kuzama, inakutoa nje. Masharti yangu ya kutoruka wimbo nayavunja hapo tu.

Kwenye "To Be Loved" ni sauti yake na piano ya Tobias Jesso Jr., basi. Karibu dakika 7. Anapopanda kileleni koo linakwaruza, nusura sauti ikatike, na wakaiacha hivyohivyo. Usiuweke ukiwa na kazi mkononi.

Kuhusu mapokezi, wakosoaji wengi waliisifu, lakini maneno ya "ameshuka" hayakukosekana. Wiki ya kwanza Marekani ilihesabiwa nakala 839,000, wakati albamu yake iliyotangulia, 25, mwaka 2015 iliuza milioni 3.38. Wanaolinganisha hivyo wanasahau kwamba 25 haikuwekwa kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni kwa miezi kadhaa, uliitaka, ulinunua. Tena katika zile 839,000, takriban 692,000 zilikuwa mauzo halisi, si usikilizaji wa mtandaoni uliogeuzwa kuwa nakala, enzi ambayo watu walishaacha kununua albamu. Kule Uingereza albamu ilipata tuzo ya muziki ya BRIT ya albamu ya mwaka, mwaka 2022. Kwenye tuzo za Grammy za Marekani za 2023 "Easy on Me" ilishinda tuzo ya uimbaji bora wa pop wa mtu mmoja, lakini albamu ya mwaka ikaenda kwa Harry's House ya Harry Styles, ambayo ni nyepesi na tamu, na kwangu haiifikii hii hata kidogo.

Lipo pia toleo lenye nyimbo 3 za ziada, mojawapo "Easy on Me" akiwa na Chris Stapleton, mwimbaji wa country. Sauti zao zinaelewana vizuri. Tatizo ni mahali zilipowekwa: "Love Is a Game" imeshafunga pazia kwa vinanda vya filamu za zamani, halafu zinakuja hizo kama wageni waliofika vyombo vinaoshwa. Chukua toleo la kawaida.