K&K Pure Mini (pickapu, yaani kinasa sauti cha gitaa) ndani ya gitaa la zamani, uzoefu wangu

Nina gitaa la akustiki la miaka ya 80 lenye umeme wake kabisa, yale yenye kiboksi cha slaida ubavuni na piezo (pickapu inayogeuza mtetemo kuwa umeme) iliyofichwa chini ya kile kifupa kinachobeba nyuzi kwenye daraja. Mbao imeshakomaa, ukilipiga kavu kavu linaimba kweli, ila chomeka waya uone majanga. Nyuzi mbili nyembamba hazisikiki, slaida ya volyumu inakwaruza, na sauti yenyewe ni ile ya plastiki plastiki ambayo kila aliyepigia piezo ya zamani anaijua. Betri ya 9V ilishavujia humo ndani kabla halijafika kwangu, vile vibati vya betri vilikuwa kijani tupu.

Sasa kabla sijasifia nilichofunga niseme kwanza hili, manake watu wengi wanakimbilia kununua pickapu mpya wakati daraja hata hawajaligusa. Uzi mmoja ukiwa kimya na mwenzake anapiga kelele, mara nyingi pickapu ni nzima, shida ni kifupa hakijakaa sawasawa juu yake. Piezo inataka kubanwa, pasipobanwa hapatoi kitu. Kitoe, tandika msasa juu ya kioo, sugua ule upande wa chini taratibu bila kuyumbisha mkono mpaka uwe bapa, halafu rudisha. Langu nilivyofanya hivyo uzi wa 2 ulirudi wote, wa 1 ukabaki mnyonge tu.

Halafu daraja lenyewe lilikuwa limeanza kunyanyuka kwa nyuma, karatasi inapita chini yake bila shida. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma inavuta kama kilo 70 hivi, kwa hiyo daraja likishaanza kuachia usitegemee litatulia, litaendelea tu. Hiyo kazi sikuigusa, nilimpa fundi. Alilipasha moto, akalibandua polepole kwa kisu chembamba, akakwangua gundi yote ya zamani mpaka ikaonekana mbao tupu, ndo akabandika upya na kulibana na klempu mpaka kesho yake. Huwezi kujua kama liliwahi kutoka.

Hapo ndo ikaingia Pure Mini. Ni vidude vitatu vya duara, vidogo kama vifungo vya shati, vinabandikwa kwa ndani chini ya daraja, kwenye kile kibao kigumu zinakoshikilia ncha za nyuzi. Havina betri wala kiboksi, waya unaenda moja kwa moja kwenye jeki ya pale nyuma panapofungwa mkanda. Langu lilikuwa na tundu tayari, keekee haikuhitajika. Kufunga ni kazi ya mikono myembamba: unapitisha mkono kwenye tundu la sauti, kioo kidogo ndani, tochi ya simu, na unabandika kwa kupapasa. Vibandike kwanza kwa tepu ya pande mbili, rudisha nyuzi, sikiliza, ndo uje na supagluu, tena ile nzito sio ya maji. Na kile kibao kisafishe kwanza, gitaa la umri huo lina vumbi la kutosha kupanda mchicha.

Sauti jamani. Nyuzi zote sita zinatoka sawa, unasikia mbao, unasikia kidole kinavyoteleza, na kwa kitu kisicho na betri ina nguvu kuliko nilivyotegemea. Ile plastiki imekwisha kabisa. Na raha nyingine, kwenye yale mawaya ya zamani jeki ndo swichi, ukisahau waya umechomekwa unakuta betri imekufa, hayo sasa simo.

Ila sio kwamba haina kasoro. Besi imezidi, lazima uikate. Ukigonga ubavu kwa kiwiko watu wote wanasikia. Haina volyumu kwenye gitaa, jambo linaloniudhi mpaka leo. Halafu usiichomeke tu kwenye miksa yoyote, inataka ingizo lenye ukinzani wa megaomu 1, ukiipeleka kwenye ingizo la laini la kawaida inatoka nyembamba na kali halafu unalaumu pickapu bure. Mimi naipitisha kwenye prianpu (kikuza sauti cha awali) ndogo ya nje, mambo safi. Na kama unapiga na bendi yenye dramu na monita zimekuelekea usoni, itaunguruma tu, hapo piezo ya chini ya kifupa bado inaishinda.

Kiboksi cha zamani nimekiacha palepale ubavuni, nimechomoa waya na betri basi. Ukikitoa unabaki na shimo la mraba ambalo hakuna kiraka kitakachopendeza, na gitaa la zamani likishakatwa thamani yake hairudi. Siku mtu akitaka kulirudisha lilivyokuwa, kila kitu kipo.

Wenye magitaa ya zamani ya Takamine chunguzeni kwanza kabla ya kulipa, nyingi zina pickapu yao ya vipande sita iliyopita kwenye mbao mpaka chini ya daraja, na inakaa palepale ambapo hivi vidude vinatakiwa kubandikwa.