Mafunzo ya utafiti kwa wahifadhi, Amani: nendeni, ila takwimu zinahitaji muda zaidi

Mimi ni askari wa doria kwenye hifadhi ya msitu. Tangu nitoke chuoni nimejaza fomu nyingi mno: nyayo, mitego, visiki, wanyama tuliowaona. Niliposikia kuna mafunzo ya mbinu za utafiti kwa watu wa uhifadhi pale Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, niliomba ruhusa nikaenda. Nawaandikia wenzangu wanaofikiria kuomba nafasi.

Kilichonifaa kuliko vyote kilikuja mapema. Mkufunzi alibandika ukutani ramani ya doria yenye alama za mahali mbega walipoonekana. Karibu alama zote zilikuwa juu ya njia za doria. Akauliza: "Hapa mnaona mbega walipo, au mnaona askari walikopita?" Ukumbi ulinyamaza. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Tusikopita panaonekana patupu, na mpango wa mwaka unaofuata unapangwa kwa ramani hiyohiyo.

Baada ya hapo tulishinda msituni. Kwenye transekti unafuata mstari ulionyooka, na ukiona kundi la kima unapima pia umbali wao kutoka mstarini, kwa sababu wengi wa walio mbali huwaoni, na hesabu inabidi ifidie hilo. Miti hupimwa kipenyo mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko unasimama upande wa juu. Mwenzetu mmoja alizungusha futi kamba juu ya mmea mtambaazi ulioshika shina. Mkufunzi akaifungua taratibu, akaupitisha utepe chini ya mtambaazi, akamwambia asome tena. Namba ikashuka. Vitu vidogo hivi ndivyo hatufundishwi kazini.

Kundi letu lilichunguza musizi, Maesopsis eminii, mti wa kigeni pale Usambara ambao ndege aina ya hondohondo husambaza mbegu zake. Tulitaka kujua kama miche yake ni mingi zaidi kwenye mianya ya miti iliyoanguka kuliko penye kivuli kizito. Sisi tulikuwa tayari kuweka ploti, yaani vipande vya ardhi vya kuhesabia, pale tulipoiona miche. Tukakatazwa. Sehemu zilichaguliwa kwa namba za bahati nasibu, na ikiangukia kwenye kichaka cha miiba, mnaingia humohumo. Ploti isiyo na mche inaandikwa sifuri, haiachwi wazi. Nimerudi kituoni na hilo: fomu yetu sasa ina sehemu ya kuandika tulipita wapi bila kuona kitu.

Sasa kasoro. Takwimu zilifundishwa usiku, watu wamechoka, kompyuta moja kwa watu kadhaa, na maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Waliosoma chuo kikuu walifuata R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Askari wa kidato cha nne, ambao ndio wanaoujua msitu, walibaki wakitazama. Liliniuma sana. Waandaaji watenge siku nzima mchana na watafute mkufunzi wa kueleza kwa Kiswahili. Pia tulipoondoka hakuna aliyetufuatilia kujua tunatumia nini.

Chakula kizuri, malazi ya kawaida. Beba sweta, koti la mvua na mabuti, maana Amani ni baridi na kunanyesha. Na kabla ya kwenda mwombe mkuu wako fomu za doria za kituo chenu uende nazo. Data za kwenu zitakufundisha zaidi kuliko mifano ya ukumbini.