Neti yenye dawa mbili: miezi minane kando ya bwawa la Hombolo

Nianze na lawama. Usiku wa kwanza nilimwambia mke wangu kwamba kaka yake ametuletea pazia. Mbu walitua juu ya neti, wakatembea watakavyo, wakaondoka wakiimba. Neti yetu ya kwanza kabisa, ile ya miaka ya nyuma, ukiamka asubuhi unafagia mbu sakafuni. Hii mpya, sakafu safi. Kidogo nikazibie nayo banda la kuku.

Nalima nyanya za kumwagilia Hombolo Bwawani, Dodoma, na zabibu kidogo. Mvua za Desemba mpaka Aprili zikishika, mbu hawahangaiki kutafuta pa kutagia. Mwaka jana neti tuliyokuwa nayo ilikuwa na matundu mawili matatu ya kupita kidole, na mimi nikajipa moyo kwamba dawa si ipo, mbu akigusa tu kwisha habari yake. Kitindamimba wetu alikutwa na malaria mara mbili kati ya Machi na Mei. Dozi mbili za dawa mseto, na mimi bado nasema dawa ipo.

Neti hii ililetwa na shemeji yangu anayeishi Misungwi, Mwanza. Kule watafiti walianza kujaribu aina kadhaa za neti mwaka 2019, na majibu yakatoka 2022. Baada ya miezi 24, kati ya kila watoto 100 waliolalia neti za dawa moja, karibu 46 walikuwa na vimelea vya malaria. Kwenye neti za aina hii walikuwa karibu 26. Shemeji aliniambia kwa maneno mafupi zaidi: "Lala nayo, utaniambia."

Aliyenizuia kuipeleka bandani ni mpwa wangu, anasoma biolojia UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuja likizo, akasoma kibandiko, akacheka.

"Mjomba, hii haimwangushi mbu mwenye kinga papo hapo. Mpe siku tatu."

Akanieleza. Dawa ya neti za kawaida ni ya jamii ya pairethroidi. Inashika kilango fulani kwenye neva za mbu kinachopitisha sodiamu; kilango kikigoma kufunga, mbu anatetemeka na kuanguka. Sasa wapo mbu waliozaliwa na badiliko la herufi moja tu kwenye jeni ya kilango hicho. Kilango ni protini, mnyororo wa vitofali; katika sehemu ya 1014, palipotakiwa kukaa kitofali kiitwacho lusini, pamekaa kingine, serini, na dawa haipati pa kushika. Badiliko hilo liliripotiwa Kenya mwaka 2000, na hapa kwetu Tanzania limeshaonekana. Wengine kilango chao ni kizima, ila wana vimeng'enya vingi kupita kiasi, vinaivunjavunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Wapo wenye vyote viwili, mama yangu.

Dawa ya pili kwenye neti hii inaitwa klorofenapiri, na hapa ndipo nilipomwambia arudie. Yenyewe inaingia mwilini mwa mbu ikiwa haina makali. Vimeng'enya vile vile anavyojivunia ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu kamili, kisha sumu inazima mitambo inayotengeneza nguvu ndani ya seli. Mbu anajipikia mwenyewe. Ndiyo maana wapimaji wa neti hizi huwahesabu mbu mpaka saa 72, si asubuhi moja.

Sikuamini mpaka nilipoona. Alfajiri nilikamata mbu saba waliotulia juu ya neti, wale wanaokaa matako juu, nikawatia kwenye chupa ya maji yenye vitundu na pamba ya maji ya sukari. Siku ya kwanza wamekufa wawili. Ya pili, jumla wamefika watano. Siku ya tatu jioni amebaki mmoja, naye amelala ubavu. Wengine sita niliwatoa kwenye neti kuukuu ya chumba cha vijana, chupa nyingine, sukari ile ile: siku ya tatu wanne wanaruka. Siyo maabara, najua. Ila tangu hapo sikuizungumzia tena habari ya kuku.

Kasoro zipo. Tuliitundika siku hiyo hiyo badala ya kuianika kivulini siku nzima kwanza, tukawashwa uso na shingo usiku mbili. Kitanda chetu ni sita kwa sita na pembeni inachomekeka kwa shida. Godoro nene halifai. Joto la Novemba ndani yake ni la kuvumilia tu. Na kibandiko kingesema kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba mbu hafi palepale, maana jirani yangu alipoziona za kwake "hazifanyi kazi" alifunikia miche.

Jambo jingine, haikulindi ukiwa nje. Mbu aina ya arabiensis, anayependa maeneo makavu kama yetu, haoni tabu kuuma watu barazani mapema, au ng'ombe zizini. Saa mbili usiku tunapiga soga uani, neti iko chumbani. Mtoto hajaumwa malaria msimu huu, nashukuru, lakini msimu huu huu nimeziba madirisha kwa wavu, kwa hiyo siipi neti sifa zote.

Ninalolifikiria zaidi ni bomba langu la kupulizia. Kibandiko cha neti kimeandikwa alfa-saipamethrini, ndiyo ile dawa yake ya jamii ya pairethroidi. Chupa ya dawa yangu ya nyanya imeandikwa saipamethrini. Ndugu wa tumbo moja. Miaka sita napulizia kila wiki, maji yanatiririka kwenye madimbwi ya mfereji, viluwiluwi vya mbu vimo humo. Dhaifu wanakufa, wenye kinga wanabaki na kuzaana, kisha jioni wananifuata nyumbani.

Juzi kantangaze, wale viwavi wa nyanya, wamevamia tena. Nikaenda duka la pembejeo mjini, nikaomba kitu kikali, wakanipa chupa mpya wakaisifu sana. Nikaigeuza nisome. Klorofenapiri. Niliilipia, maana nyanya zina deni la mbolea, lakini leo ni siku ya nne iko juu ya kabati na sijaifungua.